Zantipe wa Chole

Jumatatu, 4 Agosti

Presha ya Mwalimu, mume wangu, asubuhi: 165 kwa 95. Miguu imevimba. Nimemwambia apunguze chumvi. Akaniuliza kama mbaya ni chumvi au ni ulimi unaoitaka. Nimemwekea chai nikaenda kufua.

Saa tatu wamefika vijana wake wale wale sita. Wamekaa kwenye benchi ukutani mwa jiko. Yeye anauliza, wao wanajibu, anauliza tena mpaka jibu linaanguka lenyewe. Wanacheka. Birika mbili zimekwisha. Hakuna aliyeuliza maji amechota nani.

Najua wananiita Zantipe. Hawasemi mbele yangu, lakini nyumba ya bati haina siri. Zantipe alikuwa mke wa Sokrates, yule mzee wa Kiyunani aliyeshinda sokoni akiuliza watu maswali mpaka wakamchoka. Mwalimu anasimulia habari zake tangu alipokuwa anafundisha historia Kibaha. Mzee ana mambo chungu nzima ya kusimuliwa. Mke ana moja: alikuwa mkali, akammwagia mumewe maji kichwani. Basi.

Na mimi nilimwaga. Tulikuwa bado Kibaha. Wanafunzi wamejaa mlangoni tangu mchana, mimi nimetoka zamu ya usiku wodini, sijalala, wali umeungua. Nikarusha maji ya vyombo dirishani. Yakampata yeye. Akajipangusa uso akasema radi imekwisha kupiga, sasa ni mvua, kama alivyosema yule mzee. Wakacheka hadi machozi. Jina likanasa, na tulipostaafu tukaja huku Chole, kwao, likapanda gari pamoja na vyombo.

Mimi ni Nakijwa. Mpare. Muuguzi wa miaka thelathini. Naandika hapa kama nilivyokuwa naandika ripoti ya zamu: kilichotokea, na saa yake.

Kilichotokea leo kingine: maua ya mikorosho yanakauka yakiwa juu ya mti. Na jana wamezika mtu wa pili ndani ya wiki tatu. Mwanamume mwenye nguvu zake, ameanguka shambani. Kisimani wanawake hawaongei sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti amesema imeamuliwa kuita wataalamu. Maana yake lambalamba. Wale wanaopita kijiji hadi kijiji, wanaingia nyumba moja moja, wanachimbua pembe na hirizi, wanamnyoa mwenye nyumba kichwa na kumnywesha dawa. Asiye na uchawi, wanasema, dawa haimdhuru. Mwenye nao, dawa itamwonyesha.

Nilikuwa kwenye viti vya nyuma. Nilimwona Mwalimu akinyanyua mkono, nikajua.

Ameuliza maswali matatu. Aliyeanguka shambani, kuna daktari aliyemwangalia? Mikorosho inayokauka, kuna bwana shamba aliyeletwa? Na mtaalamu akichimbua pembe, nani aliiona ilipokuwa inazikwa? La tatu ameliuliza kwa upole kabisa, kama anauliza njia. Mwenyekiti akasema kikao kimefungwa.

Njiani wifi yangu Bi Tatu amenishika mkono. Ni dada mkubwa wa Mwalimu, ndiye aliyemlea. Ameniambia nimfunge mdogo wake ulimi, mdomo uliponza kichwa. Nikamwambia nimejaribu miaka thelathini na minane. Hakucheka.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani mwinjilisti amehubiri juu ya imani na mizimu huku anatazama sakafu. Tukitoka, hakuna aliyetungoja mlangoni. Benchi letu lote tulikaa wawili.

Jioni nimejua kwa nini. Hamisi, mtoto wa mwenyekiti, ana kama miaka thelathini, ni mmoja wa wale sita. Amemuuliza baba yake lile swali la pembe mbele ya wageni. Mwenyekiti amesema hadharani kwamba Mwalimu anawaharibu vijana, hawaheshimu tena wakubwa wala mambo ya wazee. Kwamba anayeogopa nyumba yake ichimbwe ana jambo.

Nimemwambia Mwalimu yote. Akasema hata Sokrates walimshtaki hivyo hivyo, kuwaharibu vijana. Alisema kama mtu aliyepewa zawadi. Nina hasira.

Nikamuuliza: walipokwisha kumnywesha sumu, mkewe alikwenda wapi? Ana watoto watatu, mmoja wa kubebwa. Alikula nini? Akafikiri. Akasema haijulikani, siku ile mke alilia gerezani, wakamtoa nje ili mzee aongee na rafiki zake. Miaka yote hii anamfundisha huyo mtu na hajawahi kujiuliza swali hilo. Yeye, mwenye maswali.

Jumanne, 12 Agosti

Nimelima kipande cha nyuma ya jiko. Nimechimba kina cha mkono mzima, nimetoa mawe na kigae kimoja cha chungu. Nimepanda mchaichai. Kazi inatuliza. Dawa za Mwalimu zimebaki za siku mbili, kesho anakwenda kliniki Kisarawe mjini.

Jumatano, 13 Agosti

Mwalimu ameondoka na bodaboda alfajiri.

Saa nne wamepita wajumbe watatu kukusanya majogoo. Kila nyumba jogoo mmoja kwa ajili ya wataalamu. Walikuja kwetu mwisho, wamesimama mbali na mlango, wakijua jibu. Mwalimu amekwisha kuwaambia mara mbili kwamba hatoi.

Nimetoa mimi. Yule mwenye shingo nyeupe. Nimemkamata mwenyewe, nikamfunga miguu, nikawakabidhi. Walishangaa. Mmoja aliniita mama kwa mara ya kwanza tangu mkutano. Wameniuliza kama natoa kwa niaba ya nyumba, nikasema ndiyo, nyumba.

Nimejiona mjanja. Jogoo mmoja, na midomo ya watu itafungwa. Mwalimu hahesabu kuku. Hatajua.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya kosa kubwa.

Nilikwenda kwa Bi Tatu kumsalimia. Nilipoamkia shikamoo aliitikia marahaba akanivutia kigoda, akasema amefurahi kwamba hatimaye tumekubali. Nikauliza tumekubali nini. Akaniangalia kama mgonjwa.

Kumbe jogoo si mchango. Jogoo ni mlango. Nyumba iliyotoa jogoo imeridhia kuingiwa, kuchimbwa na kunywa. Isiyotoa inasemwa, inatengwa, hata kisimani inangoja wengine wamalize, lakini haiguswi mpaka itoe. Kila mtu hapa anajua. Mtoto wa darasa la pili anajua. Mwalimu anajua, ndiyo maana alikataa. Mimi nimeolewa huku miaka yote hii, na tuliishi Kibaha, na hakuna aliyewahi kuniambia, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuna mtu asiyejua.

Nikasema basi naenda kumchukua jogoo wangu. Bi Tatu akasema, "Wifi, maji yakimwagika hayazoleki. Ukimrudisha sasa, ndiyo mmesema wenyewe kwamba mnao."

Bado sijamwambia Mwalimu. Presha jioni 160 kwa 95. Kliniki wamemwambia figo zimepungua nguvu tena. Wamemkataza mitishamba yoyote, hata ya kikohozi. Nimelisoma hilo mara tatu kwenye kadi yake.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia baada ya kanisa.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Amekaa akakunja miwani. Kisha akasema basi nyumba imeridhia. Nikamwambia niliyetoa ni mimi, si yeye. Akasema nilipoulizwa kwa niaba ya nani, nilijibu nini?

Nimempigia binti yetu Tumaini, yuko Kibaha. Amesema anakuja na gari kesho, tuondoke wote. Mwalimu amekataa. Nimeandika sababu zake hapa ili nizione vizuri, maana zikiwa mdomoni mwake zina utamu. Moja: akikimbia, watasema alikuwa nao, na swali lake la pembe litakufa. Mbili: vijana sita watabaki peke yao na baba zao. Tatu: amezaliwa hapa, amekula hapa, walimsomesha kwa korosho za hapa. Hawezi kukubali desturi za watu siku ya harusi na kuzikimbia siku ya shida.

Figo hazimo katika hizo tatu. Mimi simo.

Nimesema maneno mabaya. Nimesema anapenda kufa vizuri kuliko kuishi na mimi. Majirani wamesikia, bila shaka. Waongeze kwenye habari za Zantipe. Yeye amenisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwagilia mchaichai wangu.

Jumatano, 20 Agosti

Wamefika saa sita mchana. Wanne, kwenye pikapu yenye spika. Vitambaa vyekundu mikononi, mkubwa wao amevaa kanzu ya mikono mipana. Wameanzia nyumba za bondeni. Ngoma mpaka jua limezama.

Nyumba tano leo, pembe tano. Hakuna nyumba iliyokutwa safi. Nimesimama kwenye umati nikamwangalia mkubwa wao mikono tu, kama tulivyofundishwa kumwangalia mgonjwa anayeficha vidonge. Anainama mwenyewe shimoni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa.

Dawa inachemshwa kwenye sufuria kubwa la shughuli. Nyeusi, nzito, harufu inakaba koo. Mzee wa kwanza aliyekunywa alitapika, wakapiga vigelegele: uchawi unatoka. Nimekwenda karibu nikauliza mna nini humo. Mmoja wa wale wanne akaniuliza mimi ni nani. Kabla sijajibu, mwanamke nyuma yangu akamjibu, mke wa Mwalimu. Yule akatabasamu.

Nimepiga simu kunakohusika. Wamepokea, wameandika, wamesema watafuatilia. Siogopi. Nina hasira tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo Bi Tatu. Amenyolewa amekaa kwenye kigoda kile kile alichonivutia mimi. Nywele zake nyeupe zimeanguka mapajani, hakuzipangusa. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Amekunywa chote, na amewashukuru.

Jioni nimekwenda. Anaharisha, midomo mikavu, macho yameingia ndani. Mkojo hajapata tangu mchana. Nimemtengenezea maji ya chumvi na sukari. Amekataa kikombe mkononi mwangu. Nimekiweka chini, nikatoka nje, ndipo akakichukua. Nilimwona kwenye upenyo wa mlango.

Nimesema aende hospitali. Watoto wake wamesema dawa inafanya kazi, asisumbuliwe. Waliniangalia mikono, kama mimi ninavyomwangalia yule mwenye kanzu.

Jumamosi, 23 Agosti

Kesho ni sisi.

Presha 175 kwa 105. Mwalimu amenyoa nywele na ndevu mwenyewe kwa wembe wangu, kwenye kioo cha dirishani. Anasema atawapunguzia kazi. Kichwa chake kidogo, sikujua. Amekula ugali na mchicha, akasifu mchicha.

Hakuna hata mmoja wa wale sita aliyekuja leo. Benchi tupu. Nimelifuta vumbi hata hivyo.

Jumapili, 24 Agosti

Saa tisa alasiri naandika.

Walifika saa nne. Kijiji kizima nyuma yao. Sufuria waliliweka uani kwangu juu ya mawe matatu wakakoka moto kwa kuni zangu. Mwenye kanzu akazunguka nyumba mara mbili akinusa. Akasimama nyuma ya jiko, kwenye mchaichai. Akang'oa mashina kwa mkono, akainama, akachimba. Akatoa pembe imefungwa kitambaa chekundu. Watu wakaguna wote pamoja.

Pale nilichimba mwenyewe Jumanne ya wiki iliyopita. Kina cha mkono mzima.

Mwalimu aliomba kuishika. Akaigeuza. Akasema kwa sauti ile ya darasani, "Mchaichai huu unamwagiliwa kila siku, na shimo limelowa, tazameni. Pembe hii ni kavu, na kitambaa chake ni kikavu. Ilikaaje humo bila kulowa?"

Nilimwona Hamisi akimtazama baba yake. Wanawake wawili walitazamana. Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi nilidhani imekwisha, wameona. Kama yeyote angesema neno moja hapo.

Mwenye kanzu hakujibu swali. Alisema dawa itajibu. Akachota kikombe, kikombe changu cha bati cha jikoni, akampa. Asiye na kitu haimdhuru, alisema.

Na Mwalimu akakipokea. Akasema yeye ameuliza maswali yake, na wao wana haki ya kuuliza la kwao, na nyumba yake ilitoa jogoo. Akasema hivyo hivyo, nyumba yangu ilitoa jogoo. Hakunitazama. Hamisi alikuwa analia. Mwalimu akampigapiga begani kumtuliza, kikombe mkono wa pili. Kila mtu alikuwa anamwangalia yeye. Alikuwa ametulia sana. Alikuwa, Mungu anisamehe, karibu anafurahi.

Nilikuwa na ndoo ya maji ya vyombo.

Nimemwagia. Yote, kichwani, kikombe na mkono na kipara chake. Kikombe kikaanguka. Kisha nikaenda kwenye sufuria nikalipiga teke. Halikupinduka mara ya kwanza. Mara ya pili likapinduka, dawa ikazima moto ikaingia kwenye mchanga. Ilikuwa ya nyumba zote zilizobaki. Mguu wa kulia umeungua juu ya vidole, nimeupaka asali.

Walicheka. Ndilo jambo la kwanza lililotokea, baadhi walicheka, wale wanaojua lile jina. Zantipe huyo. Mtu mmoja alilisema kabisa. Kicheko kikakatika mwenye kanzu aliponyoosha kidole. Alisema kwa utulivu, "Mwenyewe amejionyesha. Si mwalimu. Ni huyu."

Nikaona nyuso zinageuka moja moja. Kutoka kwake kuja kwangu. Ilikuwa rahisi kwao, naweza kusema hata walishukuru. Yeye ni mtoto wa hapa. Mimi ni wa kuja, na mkali, na kila mtu ana habari yake juu yangu.

Walirudi nyuma hatua kadhaa, kisha wakaondoka. Hakuna aliyenigusa. Mwalimu alibaki amesimama uani, maji yanachuruzika kidevuni.

Alisema, "Mama Tumaini, hukuniachia nijibu."

Nikamwambia avue shati atapata kichomi.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumaini alifika saa moja asubuhi. Godoro, vyombo, vitabu vyake, mashine yangu ya presha. Mwalimu amepanda gari bila kubishana. Nadhani ni kwa sababu sasa anayekimbia ni mimi, si yeye.

Nilikwenda kumuaga Bi Tatu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, nikasema hodi mara tatu, nikasema ni mimi wifi yako. Nilisikia mtu akitembea ndani, kisha akasimama.

Gari lilipoondoka nilitazama nyuma. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia nyayo zetu kutoka mlangoni mpaka barabarani. Alifagia vizuri, hakuacha hata moja.

Jumatano, 27 Agosti

Kibaha, kwa Tumaini. Simu imekuja saa mbili asubuhi. Bi Tatu amefariki usiku.

Nimemuuliza aliyepiga kama alipata mkojo kabla ya kufa. Hakuelewa kwa nini nauliza. Nikamuuliza habari za nyumba nyingine zilizokunywa. Akasema kuna wazee wawili hawajiwezi, na kwamba wataalamu waliondoka Jumapili ile ile na majogoo wao. Hawajulikani walikokwenda.

Kisha akasema kwamba msibani wanasema marehemu aliguswa na kikombe kimoja cha mwisho. Kile cha maji ya chumvi na sukari. Mwalimu aje kuzika, ni dada yake. Mimi nisije.

Nimemfungia Mwalimu dawa za siku tatu. Nimemwambia asinywe kitu chochote huko, hata maji, achukue ya chupa. Ameniitikia. Ameondoka na suti yake ya kanisani.

Nimekaa jikoni kwa Tumaini. Bi Tatu alinifundisha kupika kisamvu cha nazi wiki ya kwanza nilipoolewa. Hakupenda nilivyokitwanga, na alisema hivyo. Nimelia leo. Hakuna mtu wa kunitoa nje.

Jumapili, 31 Agosti

Amerudi. Hajasema mengi. Watoto wa Bi Tatu walimpokea vizuri, walimweka mkekani pa wafiwa. Hakuna aliyelitaja jina langu mbele yake. Nimemuuliza kama yeye alilitaja. Akasema msiba si mahali pa mabishano.

Miaka yote, mahali pote pamekuwa mahali pa mabishano. Sokoni, kanisani, kliniki kwenye foleni. Isipokuwa hapo.

Nimelala chumba cha wajukuu.

Jumamosi, 13 Septemba

Hamisi amekuja kutoka Chole na wenzake wawili. Wamekaa nje kwa Tumaini kwenye viti vya plastiki. Hamisi hakai tena kwa baba yake. Ameniamkia kwa heshima sana, amesimama, macho chini. Sikujua kama ni heshima au anaogopa mikono yangu. Chai yangu ameinywa. Nilihesabu mafunda bila kutaka.

Wamesema wale wazee wawili mmoja amefariki. Na kwamba nyumba yetu kule imevunjwa milango, si kwa wizi, imeachwa wazi tu. Mchaichai umemwagiwa mafuta ya taa.

Jumapili, 21 Septemba

Presha ya Mwalimu 145 kwa 85. Miguu imepungua. Ni nzuri kuliko mwaka mzima uliopita.

Wamekuja tena mchana, na watatu wapya wa hapa Kibaha. Nilikuwa naosha vyombo, dirisha wazi, nikamsikia anasimulia. Kikombe, umati, pembe kavu na shimo lililolowa. Anasimulia vizuri, siku zote. Alipofika kwangu akasema radi ilikwisha kupiga, ikaja mvua. Wakacheka wote. Hata Hamisi, aliyekuwepo, aliyelia.

Hakumtaja dada yake. Hakusema kilichokuwa kwenye kikombe. Hivyo ndivyo itakavyosimuliwa. Watakuja kuisimulia wengine ambao hawajawahi kuniona, na mimi nitakuwa na ndoo.

Nilimaliza vyombo. Maji nikayabeba mpaka nyuma, nikayamwaga kwenye migomba, polepole, yasimrukie mtu.

Jioni walipoondoka alikuja jikoni. Ameshika jogoo kwapani, amemnunua kwa jirani. Shingo nyeupe. Hakueleza, akamfunga kamba kwenye mguu wa meza, akakaa kwenye kigoda. Hakai jikoni. Nikaendelea kupepeta mchele.

Akasema, "Mama Tumaini, siku ile uliogopa?"

Nimemfahamu miaka thelathini na minane. Ninajua maswali yake yote yanakotaka kufika. Hili hakuwa na jibu lake mkononi. Alikuwa anauliza.

Nikamwambia anawe mikono, chakula kinakaribia. Akaenda kunawa.

Nimefungua kurasa za nyuma nikasoma. Kila mahali nimeandika hasira. Tarehe 10, tarehe 20. Ni neno nililolizoea, na watu wamelizoea kwangu. Si kweli. Niliogopa. Tangu siku niliyomtoa jogoo mpaka sufuria lilipopinduka niliogopa kila saa, na bado naogopa simu ikilia.

Kesho nitamwambia. Sasa mchele unachemka.